WRX S4 mpya kwa barabara za Dodoma: plastiki si kesi, kesi ni giaboksi

Tangu WRX, sedani ya kasi ya Subaru, ya umbo jipya la VB ilipooneshwa Septemba 2021, wapenzi wa Subaru wamegawanyika, na mgawanyiko ulianzia kwenye matao ya magurudumu. Plastiki nyeusi isiyopakwa rangi imezunguka matairi yote manne na kushuka hadi kwenye bampa. Aliyekuwa akisubiri sedani ya kurithi VA, umbo lililotangulia, akaona kama ameletewa XV, Subaru ya kimo cha juu yenye plastiki kama hizo, iliyoshushwa chini. Ubishi umetufikia hata sisi wa katikati ya nchi, maana toleo la Japani, WRX S4 ambalo namba yake ya chasisi inaanza na VBH, lilitangazwa Novemba 2021 na sasa linanunulika kama gari lililotumika, usukani kulia.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Bodi na chasisi ya gari hili ni hatua kubwa mbele. Injini inafaa sana mwinuko wa Dodoma. Plastiki macho yatazizoea. Anayelalamika kuhusu giaboksi ana hoja nzito, na anayelalamika kuhusu kimo atasikilizwa na kila tuta kati ya Kisasa na Mtumba.

Tuzimalize plastiki kwanza. Ukichuchumaa ubavuni mwa tairi la mbele na kupitisha kidole, utagundua si laini. Ina michoro midogo ya pembe sita iliyopangana kama sega la nyuki. Kazi yake ni kuufanya upepo ushikamane na bodi badala ya kuchomoka na kuzunguka-zunguka, jambo linalolitikisa gari kwenye kasi kubwa. Nyuma ya tao la mbele kuna tundu la kutolea hewa inayojazana ndani ya tao, na kwenye pembe za bampa la nyuma kuna mengine. Ni matundu ya kweli, hayakuchorwa tu. Kwa mwendo wa barabara zetu, ambapo kila kijiji kina kibao cha 50 na askari mwenye tochi hayuko mbali, faida yake huisikii. Lakini kusema zimewekwa kwa urembo tu ni kuwaonea waliolitengeneza.

Kinachouma wengi ni kwamba gari la maonesho lililotangulia Tokyo mwaka 2017, VIZIV Performance, lilikuwa na mabega mapana na sura ya kibabe zaidi, na watu walilipokea kama ahadi. Hasira ya namna hiyo si ngeni kwa Impreza, gari ambalo WRX ilitokana nalo. Ile ya mwaka 2000 yenye taa za duara ilisemwa vibaya mpaka Subaru wakabadilisha sura yake mwaka 2002. Leo ukiikuta ile ya macho ya duara imetunzwa vizuri, watu wanaiomba picha. Taa za nyuma za VB nazo, ambazo Subaru wanasema zimechukua sura ya magma, uji wa moto wa volkeno, zimekuwa na wabishi wao, ila usiku zinapowaka ndizo zinazolitambulisha gari kwa mbali.

Tatizo halisi la plastiki hizo hapa kwetu ni jua na vumbi. Plastiki isiyo na rangi ikipigwa na jua la Dodoma mwaka mzima inaanza kupauka na kuwa kijivu. Wengi wanakimbilia dawa ya kung'arisha yenye mafuta ya silikoni. Matokeo yake vumbi jekundu linajipachika ndani ya ile michoro na halitoki kwa kitambaa, linahitaji brashi laini na sabuni. Dawa nzuri ni ya maji, isiyoacha mafuta juu, ipakwe kidogo na kufutwa ikauke. Kuna wanaotaka kupaka rangi ya bodi. Inawezekana, ila fundi lazima atumie praima ya plastiki kabla ya rangi, la sivyo baada ya miezi michache inabanduka vipande vipande kuanzia kwenye kingo zinazopigwa na kokoto. Na asipoisugua kwanza, michoro itaonekana chini ya rangi kama ngozi yenye vipele. Akiisugua, ameondoa kile ilichowekewa. Stika za kufunika bodi nazo hazishiki vizuri juu ya uso wa namna ile. Ushauri wetu ni kuiacha nyeusi na kuitunza. Asiyeweza kabisa kuivumilia aangalie Levorg STI Sport R ya lita 2.4, chasisi VNH: ina injini hiyohiyo na giaboksi hiyohiyo, haina matao meusi, na nyuma ina nafasi ya mizigo.

Sasa injini. FA24 ni boksa ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,387, yenye turbo na sindano za mafuta zinazomwaga moja kwa moja ndani ya silinda. Kipenyo cha silinda kimetoka milimita 86 za FA20, injini ya lita 2.0 iliyotangulia, hadi 94, mwendo wa pistoni umebaki 86. Toleo la Japani linatoa nguvu za farasi 275 kwa mizunguko 5,600, na torki ya Nm 375 kuanzia mizunguko 2,000 hadi 4,800. Hapo ndipo kundi la pili la walalamikaji linaposimama: S4 iliyotangulia, VAG, ilikuwa na farasi 300 na Nm 400. Injini imeongezeka ujazo, nguvu zimepungua. Kwenye karatasi hilo halipendezi, na hatutajaribu kulipamba.

Barabarani mambo ni tofauti kidogo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo inapungua nguvu kwa kiasi kinachosikika. Yenye turbo inajitetea, lakini turbo lazima izunguke zaidi ili kufikisha presha ileile, na kabla haijaamka ni ujazo wa injini unaolisukuma gari. Hapo lita 2.4 inaishinda lita 2.0 waziwazi: unapotoka kwenye rasta za Kibaigwa, lori liko mbele, na una nafasi fupi ya kulipita, FA24 inajibu mguu mapema. Kule juu, karibu na mizunguko 6,000, VAG inaendelea kuvuta wakati hii imeshaanza kuchoka. Anayekimbiza gari kwenye uwanja atailaumu. Anayesafiri Dodoma hadi Morogoro hatapata sababu.

Petroli ni jambo la kuzingatia. Japani gari hili linakunywa petroli ya oktani 100, ya vituo vyetu haifiki hapo. Injini ina kihisi cha mlio wa kugonga na itarudisha nyuma muda wa kuwasha ili kujilinda, kwa hiyo nguvu kidogo zitapungua. Usipakue programu ya kuongeza presha ya turbo iliyoandikwa kwa petroli ya Japani ukaiweka hapa. Hivyo ndivyo pistoni zinavyovunjika kingo.

Tufike kwenye giaboksi, na hapa ndipo tunapowaunga mkono wakali. Marekani na Australia VB iliuzwa na gia ya mkono ya hatua sita. S4 ya Japani ilikuja na CVT peke yake, giaboksi ya otomatiki isiyo na hatua za gia, na magari yanayotufikia karibu yote ni ya Japani. Subaru wameiita Subaru Performance Transmission na wameifanyia kazi kweli: ukichagua mwendo wa Sport Sharp inaigiza gia nane, inapunguza gia haraka unapofunga breki, na inapandisha mizunguko yenyewe wakati wa kushuka gia. Kwenye mwendo wa kawaida ni tulivu na haichoshi mjini. Lakini ukikanyaga ghafla kutoka mwendo mdogo kuna kusitasita kabla ya gari kuruka, na kwa gari lenye jina la WRX huko kusitasita kunakera. Machi 2022 Subaru wakatangaza kwamba hawatatengeneza WRX STI, ile kali zaidi, ya petroli juu ya umbo hili. Mwenye kupenda gia ya mkono na usukani kulia akabaki na njia mbili: kutafuta VB iliyotokea Australia, ambayo ni adimu na ghali, au kurudi kwenye VAB, yaani WRX STI ya umbo la VA, yenye injini ya zamani ya EJ20.

CVT hii ndani yake ina puli mbili na mnyororo wa chuma unaopanda na kushuka juu yake. Adui yake mkubwa ni mshtuko. Gari likikwama kwenye mchanga, kwa mfano korongo kavu upande wa Bahi, tairi zikazunguka bure kisha ghafla zikashika ardhi ngumu, mshtuko wote unakwenda kwenye mnyororo na kukwangua uso wa puli. Baada ya hapo unasikia mvumo unaopanda na mwendo, na tiba yake ni giaboksi nyingine. Likikwama, punguza upepo wa matairi hadi psi 20 hivi, chimba mbele ya tairi, kanyaga kidogo kidogo, ukishatoka jaza upepo tena. Likiharibika njiani lisivutwe kwa kamba wala kunyanyuliwa tairi mbili: ni bredauni yenye kitanda, magurudumu manne yote juu.

Oili ya giaboksi hiyo iwe ya CVT ya Subaru inayotajwa kwenye mwongozo wa gari. ATF, oili ya otomatiki za kawaida, hapana, wala "inayofaa zote" inayouzwa kwenye galoni isiyo na jina. Kimo chake kinapimwa injini ikiwa inaunguruma, gari likiwa limelala sawasawa, na oili ikiwa kwenye joto linalosomwa kwa mashine ya kupimia. Fundi anayemwaga, kupima alichomwaga na kurudisha kiasi hichohicho hajakosea sana. Anayekadiria kwa macho ndiye wa kumkimbia.

Chasisi ndiyo sehemu tunayoisifu bila kusita. Subaru wanasema ugumu wa bodi dhidi ya kujisokota umeongezeka kwa asilimia 28 kulinganisha na VA. Stabilaiza ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye bodi badala ya kwenye fremu ndogo ya chini, na mota ya usukani ina pinioni (gia ndogo) yake tofauti na ile ya mkono wa dereva. Maneno hayo yanakuwa na maana unapopanda Nyang'oro kuelekea Iringa, au kwenye kona za Kolo na Bereko ukitokea Kondoa. Ukiingiza pua kwenye kona, nyuma inafuata papohapo, haisubiri. Usukani hautetemeki kona inapokuwa na bonde katikati. VA kwenye kona ileile inakulazimisha kusahihisha mara mbili. Mfumo wa magurudumu manne wa S4 unagawa nguvu asilimia 45 mbele na 55 nyuma wakati wa kawaida, kwa hiyo gari linasukumwa zaidi kuliko linavyovutwa, na ukianza kukanyaga katikati ya kona unalisikia likijigeuza. Breki za mbele, diski za milimita 316, zinatosha kwa matumizi ya barabara. Kwa mteremko mrefu ukiwa na watu wanne na mizigo, shusha gia kwa vijiti vya usukani, usizikalie breki.

Kimo sasa. Milimita 135 kutoka ardhini, na pua ndefu, kwa sababu injini ya boksa inakaa mbele ya ekseli. Barabara za lami kuu hazina shida. Shida inaanzia kwenye matuta yaliyojengwa na wakazi wenyewe mitaa ya Ilazo na Nzuguni, na pale lami inapoishia ghafla kwenye ukingo. Lipande tuta kwa mshazari, tairi moja moja, mguu ukiwa umeachia breki wakati pua inapofika: ukiwa umekanyaga breki, pua inainama na kupoteza kimo kingine.

Kugusa chini siyo mkwaruzo tu. Kizazi hiki cha EyeSight, mfumo wa Subaru wa kumsaidia dereva, kinatumia kamera mbili kwenye kioo pamoja na rada nne, na mbili ziko ndani ya pembe za bampa la mbele. Bampa likisukumwa ndani kidogo, rada inatazama pembeni na dashibodi inajaa maonyo ya njano. Likipelekwa kwa fundi wa bodi akalijaza pati nene na rangi tabaka tatu mbele ya rada, maonyo hayaondoki. Vivyo hivyo kioo cha mbele: kikipasuka kwa kokoto ya lori, kioo kipya lazima kiwe cha aina inayotakiwa na kamera zisetiwe upya kwa mashine. Kabla ya kununua gari, ulizia kwanza nani katika mji wako ana mashine hiyo, au jiandae kulipeleka Dar.

Gari lilitoka na madaraja mawili makubwa, GT-H na STI Sport R, kila moja likiwa na toleo la EX. STI Sport R ina shokapu za ZF zinazobadilika ugumu kwa umeme, na unachagua kutoka Comfort hadi Sport+. Ni tamu, hasa Comfort kwenye lami iliyochoka. Lakini zikivuja, na kwa vumbi linalokula sili zitavuja siku moja, shokapu moja bei yake si ya kwenda kuitafuta kwa wauza spea wa mtumba. GT-H ina shokapu za kawaida, bushi na fundi wa kawaida wanaziweza. Kwa mtu wa Dodoma asiyetaka kulaza gari, tunasema GT-H. Wenye kulifuata gari kwa ajili ya ile Sport+ tunawaelewa, ila watenge fedha.

EX inaongeza skrini ya inchi 11.6 iliyosimama wima na EyeSight X. Hiyo X, inayokuruhusu kuachia usukani kwenye foleni, inategemea setilaiti na ramani za barabara kuu za Japani. Hapa haifanyi kazi. Breki ya kujikinga na mwendo wa kufuata gari la mbele vinafanya kazi, kwa sababu vinategemea kamera. Skrini yenyewe inaongea Kijapani, na redio ya Japani haipandi hadi mwisho wa masafa ya FM tunayotumia, hivyo stesheni za juu hutazipata. Ulipie EX ukiwa unajua unacholipia.

Matunzo hayana siri. Oili ya injini ni takriban lita 4.5 pamoja na filta, ya 0W-20. Jaza lita 4 kwanza, washa dakika mbili, zima, subiri, pima kwa kijiti, ongeza kidogo kidogo. Iwe na daraja la API SP, kwa kuwa injini za turbo zenye sindano za moja kwa moja zinaweza kuwaka kabla ya wakati kwenye mizunguko midogo, na daraja hilo limepimwa kwa ajili hiyo. Kwa vumbi letu badilisha kila kilomita 5,000. Filta iko juu ya injini, unaifikia kwa kufungua boneti tu, ila weka kitambaa kabla ya kuilegeza. Cheni ya taimingi haina ratiba ya kubadilishwa kama mkanda wa EJ.

Intakula, kipoza hewa ya turbo, iko chini ya lile tundu la boneti, na kati ya Juni na Oktoba inajaa vumbi na majani. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka chini kwenda juu, kwa maana mashine ya kuoshea magari ikipigwa karibu inalaza mapezi yake na hewa haipiti tena. Filta ya hewa ibadilishwe, isipulizwe kwa kompresa, maana kupuliza kunapanua vitundu vya karatasi na mchanga unaenda kulamba mapanga ya turbo. Valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli kwenye injini ya aina hii, kwa hiyo kaboni inajijenga juu yake: ukisikia injini inatetemeka ikiwa baridi na plagi ni nzima, anzia hapo.

Matairi ni 245/40R18, boliti tano za 114.3. Rimu za Forester ya zamani za 5x100 haziingii. Nunua manne, aina moja, siku moja. Ukichanganya mawili mapya na mawili yaliyoisha, difa ya katikati inafanya kazi muda wote kana kwamba gari liko kwenye kona, na inaungua.

Kwenye ushuru, ujazo wa 2,387 unalisukuma gari kwenye kundi la zaidi ya cc 2,000, ambapo ushuru wa bidhaa ni asilimia 10, wakati VAG yenye cc 1,998 iko kwenye asilimia 5. Ila VAG nyingi za 2014 hadi 2017 zimezeeka na zinaangukia kwenye ushuru wa uchakavu wa magari yaliyozidi miaka 8. Piga hesabu za yote mawili kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hela, tofauti inaweza kuwa ndogo kuliko ulivyodhani.

Na muuzaji akutumie picha nne ambazo huwa hazimo kwenye tangazo: ukingo wa chini wa bampa la mbele, kava la chini ya injini, upande wa ndani wa rimu zote, na dashibodi injini ikiwa inawaka. Kava lililokwanguliwa na boliti zinazokosekana maana yake gari limeshagonga chini kwa nguvu, na zile rada mbili za mbele huenda hazitazami tena pale zinapotakiwa kutazama.